Wewe ni nani hapa kituoni? Mwongozo kamili wa kikao cha utambulisho kwa zahanati na vituo vya afya

Hii nimeiandika kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile, kwa nini kikao cha utambulisho hakishiki. Mtu ananipigia kutoka Kasulu, mwingine Uvinza, juzi mmoja wa Urambo huko Tabora, wote stori moja: sista, tumekaa kikao, tumeandika dira na dhima, tumeprinti, tumebandika mlangoni, na mwezi haujaisha mambo yamerudi palepale, maabara hawasemezani na wodi ya wazazi, wa mradi wanakula peke yao, na mgonjwa ukimuuliza nani kakuhudumia anasema "dokta", ukimuuliza dokta yupi anasema "yule mrefu". Yule mrefu nani sasa?

Nimeuguza Kigoma hii miaka mingi, mwambao wa ziwa na huko juu kwenye baridi, na kikao hiki nimekiharibu mara mbili kabla sijakipatia. Kosa karibu kila mahali ni hilohilo moja: watu wanaanza na kituo kabla hawajaanza na mtu. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa yeye ni nani hapo ndani hawezi kusimama na bango la kituo, atalipita tu kama anavyoipita kalenda ya mwaka juzi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu na usiuruke: mtu kwanza, halafu kada yake, halafu makundi anayojiona yumo, halafu ndio kituo, na mwishoni kabisa mgonjwa ndiye anayesema kama mmefanikiwa au mmecheza.

## Vitu vya kuandaa kabla

- Karatasi za manila nne au tano za rangi nyepesi. Zile za bluu iliyokolea msinunue, maandishi hayaonekani.
- Maka peni mbili. Zijaribu palepale dukani, zilizokauka ziko nyingi kuliko nzima.
- Kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, moja kwa kila mtumishi na kama kumi za akiba maana watu watakosea.
- Kamba za shingoni au pini.
- Maharage, kikombe kimoja cha chai. Ndio, maharage, utaona kwenye hatua ya 4.
- Kaunta buku moja ya kuandikia, sio karatasi za kuokoteza.
- Orodha ya watu wote wanaofanya kazi pale. Sio ile ya mshahara, WOTE.
- Chai na kitu cha kutafuna, chapati au mihogo. Usidharau hili, mtu aliyetoka zamu ya usiku hatakupa maneno ya maana tumbo likiwa tupu.

Kama mna ubao wa 5S (ule utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia) basi sehemu ya kubandika nakala za kadi mnayo tayari, msitoboe ukuta mwingine.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa, pata siku, pata watu wote

Ongea na mganga mfawidhi kwanza, ana kwa ana, usimtumie meseji. Mweleze kuwa sio kikao cha kulalamika wala cha kumpima mtu, na kwamba yeye pia atajaza kadi kama wengine. Akisema yeye atafungua tu halafu aondoke, bora usubiri wiki ambayo atakuwepo, maana bosi akitoka kila mtu anajua kuwa hili jambo ni la kupitisha muda.

Usiweke siku ya kliniki ya watoto na usiweke siku ya gulio. Na kifanye mara mbili, leo nusu na kesho nusu, kwa sababu kituo kinachofanya kazi usiku hakiwezi kukusanya watu wote mara moja, na mkikaa mara moja wanaokosekana ni wale wale wa usiku ambao ndio huwa wanalalamika kuwa kituo ni cha watu wa mchana.

Orodha yako ikamilike. Mlinzi yumo, dada wa usafi yumo, mtunza kumbukumbu, mhasibu, wanaojitolea, wa mkataba, wanafunzi wa fildi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wote wamo. Sisi mara ya kwanza tulimsahau mlinzi. Sasa fikiria mgonjwa akifika saa nane usiku anakutana na nani kwanza? Na huyo ndio hatukumwita.

Imekaa sawa ikiwa: ukisoma orodha kwa sauti mbele ya watu watatu wa idara tofauti, hakuna anayesema "mbona fulani hayumo".

## Hatua ya 2: Kadi ya mtu mmoja

Gawa kadi. Kila mtu aandike mistari minne na isizidi hapo:

1. Naitwa nani (jina analotaka kuitwa kazini).
2. Kada yangu ni ipi.
3. Hapa kituoni nafanya nini hasa.
4. Usinitafute kwa jambo gani, na kwa hilo umtafute nani.

Mstari wa tatu ndio watu wanakosea. Wanaandika "kutoa huduma bora kwa wateja". Hiyo irudishe. Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi, kila mtumishi ameshaandika majukumu yake na bado ukimuuliza unafanya nini hapa anakujibu kwa lugha ya kwenye fomu. Taka kitu ambacho mtoto wa darasa la nne angekielewa. Mfano mzuri niliowahi kuuona ni wa dada mmoja mhudumu wa afya, aliandika: "Napima uzito na joto, nachemsha vyombo, nakupeleka chumba unachotakiwa. Dawa sitoi, nenda dirishani." Mstari wa nne kwake uliingia humohumo na hakuna mtu aliyemwambia arudie.

Mstari wa nne una faida mbili. Mgonjwa hapotezi muda, na mtumishi mwenyewe anapata ruhusa ya kusema "hilo sio langu" bila kuonekana mvivu. Kwenye zahanati yenye watumishi wawili najua mtanicheka, kwa sababu pale muuguzi ndio kila kitu, anazalisha, anatoa dawa, anaandika ripoti na kufagia pia. Sawa, aandike vyote lakini aweke alama ya nyota kwenye kile alichosomea. Ni kitu kidogo ila nimeona mtu akiangalia ile nyota yake muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Angalizo. Wapo wataogopa jina lao kuonekana, wanasema mgonjwa akikasirika atanitafuta mpaka nyumbani. Hofu hiyo ni ya kweli usiizime kwa mzaha. Jina moja na kada vinatosha, namba ya simu isiandikwe kabisa, na malalamiko yawe na sehemu yake moja (sanduku, au mtu aliyeteuliwa) ili yasimfuate mtu barabarani. Pia chumba cha CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) kiwe na utaratibu wake, wengine wanaohudumia pale hawatembei sokoni na kadi shingoni na wana sababu, mgonjwa wao akisalimiwa na mwenye kadi ya CTC mbele za watu siri yake imetoka.

Na kama kuna mzee kati yenu atakayesema kujitaja jina ni mambo ya kitoto, mwambieni kuhusu Kate Granger. Alikuwa daktari Uingereza, akaugua saratani, akalazwa, na kitandani akaona watu wengi wanaomgusa hawamwambii wao ni akina nani. Mwaka 2013 akaanzisha kampeni ya kila mhudumu kuanza na "habari, naitwa fulani". Alifariki 2016, na wahudumu nchi nyingi wanaitumia mpaka leo.

Imekaa sawa ikiwa: umekusanya kadi zote, umezichanganya, umesoma mstari wa tatu tu bila jina, na wenzake wanamtambua kwa mara moja.

## Hatua ya 3: Lile neno "dokta"

Hapa tulieni, msikimbie.

Kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta. Tabibu ni dokta, wa maabara ni dokta, wa dawa ni dokta, mwanafunzi wa fildi wiki ya kwanza ni dokta, na muuguzi mwanaume ndio kabisa, hata akisema mara kumi kuwa yeye ni muuguzi bibi atamwambia "haya dokta nimekusikia". Nilipokuwa kituo fulani hapa mwambao alikuja fundi wa sola, kavaa koti la mvua jeupe, yupo juu ya ngazi anafunga waya. Mama mmoja akasimama chini yake akamweleza mtoto anaharisha tangu juzi. Fundi naye kwa huruma akamwambia mpe maji ya chumvi na sukari. Tulicheka sana siku ile lakini nikalala nikiwaza, maana ushauri ulitoka, na haukutoka kwetu.

Sasa msije mkafanya hatua hii ya kuwanyanyasa watu. Kuitwa dokta ni heshima ambayo mgonjwa anaitoa, na kwa wengine ndio kitu pekee kizuri wanachokisikia siku nzima. Lakini vyeo vya kitaaluma vina sheria zake, leseni za mabaraza hazigawiwi kwa heshima, na mgonjwa akidhani kaonwa na daktari wakati hajaonwa anaweza kuacha rufaa aliyotakiwa kwenda. Hapo ndipo ishu ilipo, sio kwenye ukubwa wa jina.

Fanyeni hivi:

Chora manila moja, upande wa kushoto andika majina wanayotuita wagonjwa (dokta, sista, nesi, mganga, bosi, mama wa sindano, yule wa damu). Upande wa kulia andika kada halisi zilizopo kituoni: daktari, daktari msaidizi, tabibu, muuguzi, mkunga, mteknolojia wa maabara, wa famasi, mhudumu wa afya, na kuendelea. Chora mistari ya kuunganisha. Neno "dokta" litatoa mistari kama mzizi wa mhogo, kila upande. Waacheni watu wacheke.

Halafu kila mtu afanye mazoezi ya sentensi moja ya kurekebisha, isiyomwaibisha mgonjwa. Yangu mimi ni: "Asante mama, mimi ni muuguzi, naitwa sista fulani, tabibu anakuja sasa hivi." Inaanza na asante. Kaka mmoja wa maabara yeye anasema "shikamoo bibi, mimi ndio yule wa damu", akishaitikiwa marahaba anataja jina, na bibi hamsahau tena. Hiyo ni nzuri kuliko yangu.

Kwa madaktari wasaidizi hapa Kigoma muwe makini zaidi. Hawa wamefanya upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya vya mkoa huu kwa miaka mingi, akina mama wengi wako hai kwa mikono yao, halafu kwenye kikao anakuja kijana aliyemaliza chuo mwaka jana anamwambia "wewe sio daktari kamili". Mwenyekiti akiliacha hilo lipite kikao kimekufa. Cheo kiandikwe kama kilivyo na kazi iandikwe kama ilivyo, mstari wa pili na wa tatu wa kadi ni vitu viwili tofauti, na ndio maana tumevitenganisha.

Imekaa sawa ikiwa: kila mmoja amesema sentensi yake kwa sauti mara moja, hata yule mwenye aibu.

## Hatua ya 4: Maharage

Weka manila chini sakafuni. Chora miduara sita mikubwa na uandike: KADA YANGU, IDARA YANGU, KITUO HIKI, MWAJIRI (halmashauri, wizara, misheni), MRADI, na KIJIJI/MTAA HUU. Kila mtu apewe maharage kumi. Swali ni moja: ukisema "sisi", huwa unawasema akina nani? Ayagawe maharage yake kumi kulingana na hilo. Anaweza kuweka yote sehemu moja.

Watu waweke kwa zamu huku wengine wanakunywa chai na wamegeuka, wasichunguliane. Ukiuliza kwa mdomo watu watakwambia "kituo chetu", ndio jibu la heshima, lakini harage halina adabu hizo.

Mara nyingi utakuta rundo kubwa kwenye KADA, rundo jingine kwenye IDARA, na KITUO kina maharage machache yamelala kama yamepotea. Msishtuke. Muuguzi amekula kiapo cha uuguzi kabla hajaijua hiyo sehemu, na uhamisho unaweza kuja mwakani, kwa nini moyo wake wote uwe pale? Kujiona muuguzi hakumzuii mtu kujiona wa kituo, ana maharage kumi, hana moja. Tatizo linakuja pale ambapo mduara mmoja uko mtupu kabisa.

Mduara wa MRADI ndio wenye maneno. Kigoma tumezoea miradi, tumekuwa na kambi za wakimbizi Nyarugusu na Nduta, mashirika yanaingia na kutoka, na kila moja linakuja na vesti yake yenye nembo mgongoni. Mtumishi akishavaa vesti mgonjwa anaanza kumfuata yeye tu kwa sababu "ndio wenye dawa", wenzake wanaanza kumwambia "nenda kwa wenzako wenye posho", na mradi ukiisha anabaki na vesti iliyopauka na kituo ambacho hakimpokei. Nimeyaona haya kwa macho. Ushauri wangu: vesti ivaliwe kwenye kazi ya mradi tu, mfano siku ya kampeni ya chanjo kijijini, lakini ndani ya kituo kadi ya kituo iwe juu ya vesti. Juu, sio chini. Mkitaka ruhusa ya mradi wenyewe ombeni, wengi wanaelewa wakielezwa.

Kwa hospitali za misheni ambazo serikali imepeleka watumishi, mduara wa MWAJIRI utagawanyika mara mbili na ni vizuri uchore miwili kabisa. Wengine wanasali asubuhi kabla ya ripoti, wengine wanaona hiyo sio ya kwao, na hakuna aliyewahi kuulizwa. Waulizeni, kwa upole.

Angalizo kubwa. Usichore mduara wa kabila wala wa dini, na usimruhusu mtu auongeze kwa mzaha. Mkoa huu uko mpakani, mtu mwenye jina la Kiha anaweza kuwa ameshaulizwa mara nyingi ofisi mbalimbali kama kweli ni Mtanzania, na mzaha wa "huyu ni mrundi huyu" ambao wengine wanaona kawaida, yeye unamchoma. Nilikuwa na mwenzangu alikuwa anacheka kila akitaniwa hivyo. Siku anahama ndio akaniambia alikuwa hapendi hata siku moja. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimtania.

Pia usimtake mtu aeleze kwa nini ameweka alivyoweka. Akitaka atasema.

Imekaa sawa ikiwa: mmehesabu maharage pamoja, mkaandika kwenye kaunta buku, na mmetaja angalau kazi moja ambayo haiwezekani bila idara mbili kushikana. Kwetu ilikuwa damu ya dharura ya mama mzazi, maabara na wodi ya wazazi hawakuwa na njia ya kuitana usiku. Hiyo moja ilihamisha maharage mengi kuliko hotuba yoyote, miezi sita baadaye tulirudia zoezi tukaona.

## Hatua ya 5: Sasa ndio "sisi ni nani"

Mmefika. Hapa ndipo wengi huanzia.

Wasomi wawili wa Marekani, Stuart Albert na David Whetten, waliandika mwaka 1985 kuwa utambulisho wa taasisi ni majibu ya mambo matatu kama wanataasisi wenyewe wanavyoyaona: kiini chetu ni nini, kinachotutofautisha na wengine ni nini, na kinachodumu hata watu wakibadilika ni nini. Kwa maswali haya matatu sihitaji kitu kingine, ila usiyaulize hivyo, utapata majibu ya hotuba. Uliza kwa stori:

- Niambie siku ambayo ulijisikia fahari kufanya kazi hapa. Ilitokea nini?
- Mgonjwa anapita zahanati mbili kuja kwetu. Anafuata nini? (Na kama anatupita sisi kwenda hospitali ya Maweni au Kitete, anakimbia nini?)
- Tukihamishwa wote kesho, wakaja wapya, ni jambo gani ukisikia limeachwa utaumia?

Watu watano tu wakisimulia vizuri utaanza kusikia kitu kimoja kinajirudia. Kwetu kilichojirudia ni boti. Kila aliyesimulia, hata mhasibu, alikuwa na stori ya mtu aliyeletwa kwa boti usiku, ziwa limechafuka, taa za simu zinamulika kutoka ufukweni. Tukaandika sentensi: "Hapa anayekuja kwa maji usiku anakuta mtu macho." Haina neno bora wala ufanisi. Mgeni wa wilaya alituuliza dira iko wapi tukamwonyesha hiyo akacheka, halafu akaipiga picha.

Kituo cha bara huko Sikonge au Kaliua hakina boti, kitakuwa na kitu kingine, labda mgonjwa anayeletwa kwa baiskeli au bodaboda kutoka porini kwenye asali na tumbaku. Msinakili yetu. Na msinakili ya wizara, ile ni ya wizara na inawafaa wao.

Hakikisheni pia mnajua ninyi ni wa nani kiutawala, hapa watumishi wengi wanababaika mgonjwa akiuliza. Zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa kama Maweni na Kitete ziko Wizara ya Afya. Andikeni kwa herufi ndogo chini ya sentensi yenu, basi.

Imekaa sawa ikiwa: dada wa usafi anaweza kuisema sentensi bila kusoma, na akiisema anaiamini.

## Hatua ya 6: Iingize kwenye kazi za kila siku

Sentensi ikibaki ukutani imekufa. Chagueni sehemu tatu tu.

Makabidhiano ya zamu: anayekabidhi anataja jina na kada yake, anayepokea vilevile, hata kama mnajuana tangu chuo, kwa sababu mgonjwa aliye kitandani anasikiliza.

Chumba cha upasuaji, kwa vituo vinavyopasua: orodha ya usalama ya WHO iliyotoka 2008 inataka kabla ya kukata ngozi kila aliyemo ajitambulishe kwa jina na kazi. Nimeona wengi wanatia tiki bila kutamka. Tamkeni. Mtu aliyeshasema jina lake mara moja humo ndani anapata mdomo wa kusema "dokta, pamba moja haijaonekana".

Langoni: mlinzi anasalimia, anajitaja, anaelekeza, haulizi ugonjwa. Mfundisheni kwa mfano, na mpeni kadi nzuri kuliko zote, iliyopigwa laminesheni, kwa sababu yeye ananyeshewa.

## Hatua ya 7: Jaribio la wagonjwa kumi

Subirini wiki nne. Kisha mtu ambaye sio mtumishi, mjumbe wa kamati ya kituo anafaa, akae nje ya geti awaulize wagonjwa kumi wanaotoka, wakikubali:

1. Nani amekuhudumia? (jina)
2. Kazi yake hapa ni nini?
3. Ukipata shida usiku utamuuliza nani?

Asiulize wameumwa nini, na asiandike majina yao. Akiweza salamu ya Kiha, "mwakeye" asubuhi, itamfungulia midomo ya wazee.

Mimi kiwango changu ni saba kati ya kumi wajibu mawili ya kwanza. Mara yetu ya kwanza tulipata wawili, na mmoja kati yao alikuwa shemeji wa tabibu. Ikiwa chini ya tano rudini hatua ya 2, msirudie hatua ya 5, hapo penye maneno matamu hapana dawa. Swali la tatu likianguka peke yake, tatizo lenu liko langoni.

## Hatua ya 8: Wanaoingia na wanaotoka

Mtumishi mpya au mwanafunzi wa fildi ajaze kadi siku ya kwanza kabla hajapewa koti, na mtu mmoja amtembeze vyumba vyote akimtaja kwa jina na kada. Mwanafunzi iandikwe MWANAFUNZI kwa herufi kubwa, wengine hawapendi, iandikwe hivyohivyo.

Anayehama, kadi yake ishuke ubaoni siku hiyohiyo anayoondoka, na mahali pake pawekwe jina la aliyechukua kazi yake. Sisi tulimsahau sista mmoja aliyehamia Kibondo, kadi yake ikakaa ubaoni miezi minne. Mama mmoja wa kijiji cha tatu huko kusini akaja na boti ya asubuhi, akasoma ubao, akakaa kwenye benchi akimsubiri yeye tu, kila aliyemsogelea anamwambia namsubiri sista wangu yule pale kwenye karatasi. Tulikuja kugundua saa tisa, boti ya kurudi imeshaondoka.